Baba, Ile Kebo Ilizeeka Kweli

Mpendwa baba, wewe uliye Enguserosambu na simu isiyopokelewa,

Nimeolewa. Najua unajua, kwa sababu siku mbili baada ya harusi kondakta wa basi la Wasso alimwonyesha mama ujumbe uliouandika kwenye simu yake: "Nimesikia. Mungu awabariki. Baba." Mama alimwomba autume kwangu, na nimeusoma mara nyingi kuliko kadi zote za harusi. Nilimwonyesha mume wangu. Aliutazama kidogo, akasema, "Baba mkwe anaandika kama fundi, hapotezi waya." Nikacheka, halafu nikalia, na yeye akaenda kuchemsha chai bila kuniuliza chochote.

Ngoja nikusimulie habari zake, maana hukuja kumwona. Anaitwa Faustini, kwao ni Mbulu, na ni fundi umeme kama wewe. Anamenya viazi vizuri kuliko mimi. Asubuhi ananipashia maji ya kuoga kabla sijaamka, kwa sababu anajua ukungu wa Karatu unavyoingia kwenye mifupa. Tukitoka kanisani ananishika mkono mbele za watu, hata mbele ya katekista, na mimi uso unapata moto lakini mkono siuondoi. Nikimwita kutoka jikoni anaitika, "Naam, malkia." Mama alipotutembelea alisikia, akaninong'oneza, "Huyu atachoka mwezi wa tatu." Mama hajui. Mimi najua. Jioni nikisikia mlango wa nje unafunguliwa, moyo unaruka kama wa mtoto wa shule aliyesikia kengele ya kwenda nyumbani.

Nina furaha mpaka naona haya. Na kila furaha inapopanda, uchungu nao unajaa upande wa pili, kama ndoo mbili za mzegamzega. Nilitaka uione furaha hii kwa macho yako. Hukuiona, na sababu ya kutoiona ilianza na karatasi niliyoiandika mimi kwa mkono wangu.

Barua hii si ya siri. Nakala moja inakuja kwako na basi. Nyingine naibandika kwenye ubao wa matangazo wa kanisa pale Endamarariek, na ya tatu ofisi ya kata, mtendaji akikubali. Ulisemwa mbele za watu, kwa hiyo sioni kwa nini mimi niongee nawe pembeni. Ndiyo maana humu nitaeleza hata mambo ambayo wewe unayajua, ili na wengine wayajue.

Unakumbuka siku ile uliponipeleka kazini kwako? Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri matokeo, na mama alikuwa amechoka kuniona nimekaa. Tulipanda lori la vifaa mpaka kwenye ile loji ya ukingoni, juu ya kreta. Ilikuwa bado inajengwa. Wenyewe hawakutaka nguzo za umeme, walisema zitaingia kwenye picha za wageni, kwa hiyo umeme mkubwa wa barabarani ulitakiwa kulazwa chini ya ardhi mpaka kwenye transfoma ya loji. Wewe ndiye uliyepewa kazi ya kuilaza ile kebo na kuiunga. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote ulizowahi kupata, na ulikuwa umevaa shati la Jumapili ndani ya ovaroli.

Dramu la mbao lililoviringishiwa kebo lilikuwa limechorwa jani la kijani. Msimamizi alituita sote, hata mimi, akatuelezea kwa majivuno kwamba katikati ni alumini, kama kebo nyingine, lakini ganda linaloizunguka ni plastiki ya kisasa, ambayo ikishachoka inayeyushwa na kufinyangwa tena. "Hii haiachi takataka," alisema. "Wageni wetu wanapenda mambo haya." Wewe ulilibonyeza ganda kwa ukucha, ukalinusa kama mama anavyonusa maziwa.

"Unaionaje, fundi?" akakuuliza.

"Ni laini. Ni nzuri kukata," ulisema. "Mengine atatuambia umeme."

Halafu nikakuona ukifanya kazi, na picha hiyo sijaipoteza. Ulitandika turubai juu ya shimo ili vumbi lisiingie. Ulinawa mikono kwa sabuni, ukaifuta kwa spiriti, ukavua saa. Ukanipa kipande cha kebo na kisu, ukanifundisha kukata ganda bila kuikwaruza alumini. "Taratibu, mama. Usikimbize kisu. Kisu kikiteleza mara moja, umeme utakumbuka mahali hapo." Kisha ukaingia shimoni kufunga jointi, yaani kuunga ncha mbili za kebo, na ukakataza watu kuongea.

Ulikuwa umefika katikati ulipoinua uso na kusema, "Jasho limedondoka. Tunaanza upya."

Mwenzako mmoja alikuwa na njaa, na kwenye masufuria ya wali mvuke ulikuwa tayari umekwisha. Akasema, "Fundi, tone moja tu. Nani ataliona?"

"Umeme utaliona."

Ukakata kila kitu, ukaanza upya. Tulikula saa kumi, wali umekuwa jiwe. Yule mwenzako alinung'unika njia nzima kurudi Karatu, akasema kama ungeoa kwa utaratibu huo harusi yako ingefanyika siku ya mazishi. Ulicheka. Ulikuwa unacheka siku zile.

Kabla hatujaondoka ulikata kipande cha urefu wa mkono kutoka kwenye kebo iliyobaki. Ukakata bati dogo, ukachora juu yake kwa msumari jina la mahali na mwaka, ukalifunga kwenye kipande kwa waya. Ndivyo ulivyofanya kila kazi. Nyuma ya jiko letu ukuta mzima ulikuwa umetundikwa vipande vya nyaya na kebo, kila kimoja na bati lake. Mama alikuwa akikusema: "Wenzako wanatundika mahindi ya mbegu, mume wangu anatundika vyuma." Wewe ulimjibu kila mara kwa sauti ileile, "Siku mtu akiniuliza nilimlazia nini ardhini, sitaki kukumbuka. Nataka kumwonyesha."

Miaka saba ile kebo ilifanya kazi. Nilienda sekondari, nikamaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya mapokezi kwenye kambi ya watalii hapa Karatu. Wewe ulibaki fundi wa loji, unapanda Ngorongoro Jumatatu, unarudi Ijumaa na pilipili za bustani ya loji. Halafu asubuhi moja ya msimu wa wageni umeme ukakatika loji nzima. Hakuna aliyeumia, tumshukuru Mungu. Lakini pampu ya maji ilisimama, nyama kwenye majokofu ikaoza, wageni wakahamishiwa kwingine, na loji ikakaa gizani wiki mbili.

Siku ya nne ulirudi nyumbani na pikipiki, umefunga nyuma kitu ndani ya gunia. Ukakiweka mezani, mbele ya mama na mimi. Kilikuwa kipande cha ile kebo, kina tundu dogo jeusi ambalo hata kidole cha mtoto kisingepita.

"Haikupasuka kwenye jointi," ulisema. "Imepasuka hatua nne kutoka kwenye jointi yangu. Angalia tundu. Limetokea ndani."

"Wamesemaje wao?" mama akauliza.

"Wamesema ni jointi. Siku zote ni jointi. Wamekata upande wote ule kwa haraka, jointi wameitupa, hakuna aliyeitazama. Hiki nimekiokota kwenye udongo."

Mimi nikauliza, na sauti yangu ninaisikia mpaka leo, sauti ya mtu aliyesoma: "Sasa baba, kama si jointi, ni nini?"

"Kebo imezeeka."

"Inazeekaje? Ina miaka saba tu. Wewe una redio ina miaka ishirini."

Ukakigeuza kipande mezani. "Sijui inazeekaje, mama. Najua tu imezeeka."

Sikukuamini. Naliandika hapa ili kila mtu alisome: sikukuamini. Nilidhani unajitetea. Nilidhani umri umekushika, mkono umetetemeka siku moja na hutaki kukubali. Sikukumbuka turubai, wala spiriti, wala wali wa saa kumi. Nilikumbuka kwamba meneja ana tai na kompyuta, na wewe una darasa la saba.

Jumapili yake, tulipotoka misa, ulikuja na neno la meneja. Ukiandika barua ya kukiri kosa, jambo litaishia hapo. Usipoandika, watalipeleka polisi kama hujuma. Ulikaa kwenye kigoda, ukaniambia, "Wewe ndiye mwenye mwandiko. Andika kwamba umeme ulikatika, na kwamba kazi niliifanya mimi. Basi."

Baba, laiti ningeandika hayo tu. Lakini mimi nilikuwa nimepata alama ya juu darasani kwa barua rasmi. Nilijua anwani inakaa wapi na tarehe inakaa wapi. Nilitoa karatasi safi, nikapiga mstari kwa rula, nikaandika kwa herufi kubwa: YAH: KUKIRI UZEMBE KAZINI. Neno uzembe hukulitaja wewe. Nililileta mimi. Nilidhani barua ya unyenyekevu inasamehewa haraka. Nikaandika kwamba jointi uliifunga bila uangalifu unaotakiwa, kwamba unajutia, kwamba unaomba huruma ya uongozi. Ukurasa mzima, bila kufuta hata neno moja.

Nikakusomea. Mama alikuwa anachambua mbaazi, akaacha kuchambua. Wewe ulitazama mikono yako.

"Si kali sana?" mama akauliza.

"Ndivyo barua zinavyoandikwa," nikajibu.

Ukachukua kalamu, ukaweka sahihi. Ukasema, "Umeandika vizuri." Kisha ukatoka nje, na jioni ile hukula.

Polisi hawakuja, hilo ni kweli. Lakini barua haikukaa kwenye faili kama tulivyodhani. Walibandika nakala mlangoni mwa stoo ya vifaa ili iwe fundisho kwa wengine, na madereva wa watalii waliisoma, na habari ikashuka mlima kabla yako. Hakuna loji iliyokupa tena hata kazi ya kubadilisha balbu. Sokoni Karatu wakaanza kukuita Mzee Giza. Siku moja nilikuwa na wewe tunanunua vitunguu, mwenye meza akasema kwa wenzake, "Washeni tochi, fundi amepita." Watu wakacheka. Wewe ulichagua vitunguu mpaka mwisho, kimoja kimoja, ukamwambia asante. Mimi nilimkasirikia yule muuza vitunguu miaka minne. Sikujua kwamba neno alilokuwa anatafuna nilimtafunia mimi kwanza.

Halafu ukaondoka. Ulimwambia mama unakwenda Wasso kutafuta kazi ya sola, ukapita Wasso ukaendelea mpaka Enguserosambu, na sasa tunasikia unachajia wafugaji simu na kutengeneza paneli, na kwamba wanakuheshimu, wanakuletea maziwa. Nafurahi kwamba wanakuheshimu. Ninaumia kwamba walihitaji kuwa watu wasioijua historia yako.

Sasa nikuambie jinsi ulivyopata kutetewa na mtu ambaye hujamwona.

Siku Faustini alipokuja kujitambulisha nyumbani, ndugu zake walikaa sebuleni wakinywa togwa na kusifia ng'ombe wawili wa mama. Yeye aliomba kunawa mikono, akazunguka nyuma ya jiko, hakurudi. Baba yake mdogo akamfuata, akamkuta amesimama mbele ya ukuta wako, anasoma mabati moja moja.

"Kijana," akamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka ndani, "umekuja kuoa au kununua vyuma chakavu?"

"Nimekuja kuoa," Faustini akajibu. "Lakini huyu mzee ningependa kumwoa pia." Watu walicheka mpaka togwa ikamwagika. Nilikuwa nasikiliza nyuma ya pazia, na kama kabla ya hapo nilikuwa nampenda, pale nilikwisha.

Akauliza vipande viwili vinavyofanana, kimoja kisafi na kimoja chenye tundu, ni vya nini. Mama akamsimulia. Akaviomba vyote viwili, akavipeleka Arusha kwa mwalimu wake wa zamani wa chuo cha ufundi, mwenye mashine ya kukata vipande vyembamba kama karatasi na darubini ya kuvitazama. Kwa miezi miwili hakuniambia lolote. Baadaye nilijua kwamba alikuwa anaogopa kunipa tumaini la uongo.

Aliniambia siku ya tisa ya ndoa yetu. Tulikuwa tumekaa kizingitini tunakula mahindi ya kuchoma, jua la alasiri limelala kwenye mashamba ya ngano, na nilikuwa nimeegemea bega lake nikifikiri kwamba duniani hakuna kinachopungua. Akatoa simu.

"Tazama hii. Ni ganda la kile kipande alichokata baba siku ya kwanza. Hakijawahi kupitisha umeme." Lilikuwa jeupe, safi, kama barafu. "Na hii ni kebo ileile, dramu lileile, baada ya miaka saba ya umeme. Tumeichovya kwenye wino wa bluu ili ionekane."

Baba, ndani yake mlikuwa na miti. Miti midogo ya bluu, ina shina, ina matawi, imeanzia upande wa alumini na kutambaa kuelekea nje. Mmoja ulikuwa umevuka ganda lote.

"Ni nini?" nikauliza.

"Mafundi wanaita miti tu. Ni njia ambazo umeme umechimba. Ganda likiwa na punje ya uchafu ndani, na ardhi ikiwa na unyevu, umeme unasukuma pale pale kila siku, kila saa. Kwa nje huoni kitu. Siku njia inapofika upande wa pili, kebo inapasuka."

"Ni kwa sababu ni ile plastiki ya kuyeyushwa?"

"Hapana, usiilaumu plastiki yote. Ni kitu kizuri, na nyingine zinakaa miaka mingi. Hii ilikuwa na uchafu tangu ilipotengenezwa, na hakuna aliyeipima kabla ya kuilaza. Ninachojua ni kimoja. Tundu liko hapa, na hapa hakuna jointi. Tumekata vipande zaidi ya ishirini, mke wangu. Mkono wa baba haumo."

"Kwa hiyo kebo inazeeka," nikasema.

"Inazeeka. Na kinachoizeesha ni umeme wenyewe, si miaka."

Nililiweka hindi chini, nikaziba uso. Alidhani nimefurahi. Nilipomwambia ni nani aliyeandika ile barua, alinishika kichwa akakiweka kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane sikutaka kubembelezwa. Nilitaka mtu anipige.

Wiki iliyofuata tulipanda pamoja hadi loji. Meneja sasa ni mwingine, kijana mpole, alitukaribisha kahawa. Faustini akamwonyesha picha zote mbili na karatasi ya mwalimu wake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kabati, akatoa faili, akaweka mbele yetu barua yangu.

"Kaka, sikatai utaalamu wako," alisema. "Lakini wewe unasema ni kebo, na mwenye kazi mwenyewe anasema ni mkono wake. Mimi nimekuja juzi. Nimwamini nani?"

"Hakuandika yeye," nikasema. "Niliandika mimi."

Akaitazama barua, akanitazama. "Mwandiko mzuri sana, dada. Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini."

"Basi ulikuwa mtu mzima." Alisema kwa upole, bila kunikebehi, na ndiyo maana imebaki. "Na sahihi ni ya mzee?"

"Ni yake."

"Sasa mimi nifanyeje?"

Akarudisha faili kabatini. Tulishuka mlima, na kwenye geti la hifadhi niliteremka nikachuchumaa kando ya barabara, watalii wakinitazama kwenye madirisha ya magari yao.

Basi, kwa kuwa faili lao limefungwa, nasema hapa. Mimi Paskalina, niliyemaliza kidato cha nne na kupewa sifa za mwandiko, niliandika barua ya uongo kwa jina la baba yangu. Neno uzembe lilikuwa langu. Jointi aliifunga vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, na kebo ilipasuka hatua nne kutoka hapo, kwa kuzeeka, kama alivyosema siku ya kwanza bila darubini. Picha ziko kwa mume wangu. Anayetaka kuziona aje, awe muuza vitunguu au padre. Atakayemwita tena Mzee Giza atakuwa anasema uongo akijua ni uongo.

Hilo nimelimaliza. Nakuomba radhi, baba, kwa kutokukuamini, na kwa ile karatasi. Sitarajii unisamehe upesi.

Lakini kuna jingine, nalo ni lako. Wiki tatu kabla ya harusi mama alikupigia kwa simu ya kondakta, ukapokea, ukamwambia, "Nikija, wakweze watasema wameoa kwa Mzee Giza. Mwacheni mtoto aolewe kwa amani." Uliamua kwa niaba yangu nini ni amani yangu, na hukuniuliza. Siku ya kutoka nyumbani, mjomba ndiye aliyesimama mahali pako. Alinipaka siagi ya baraka kichwani haraka haraka kama mtu anayepaka gurudumu grisi, kwa sababu aliona haya kukaa kwenye nafasi ya mtu aliye hai. Mama wa Faustini aliuliza kwa upole, "Baba wa binti ni marehemu?" Na mama yangu, aliyekulinda kwa maneno miaka yote, akainama kukusanya vikombe. Faustini ndiye aliyejibu, "Yuko safarini, mama."

Wakati huo nilikuwa sijui habari ya ile miti. Ningekupokea ungekuja na aibu yako yote, ungekuja na gunia lako, ningekukalisha mbele. Nilikuwa nimekutengea kiti, na kilikaa kitupu mpaka watoto wa jirani wakakipanda kucheza.

Ulisaini barua yangu bila kubishana. Ulinunua vitunguu bila kubishana. Nilidhani ni upole. Sasa nikiwa mke wa mtu, nikiwa na mwanaume anayenibishia mpaka tunachoka na kisha ananishika mkono, naanza kuona kwamba ukimya wako nao uliniachia mzigo. Ungesema mara moja tu siku ile, "Futa neno hilo, mama," ningelifuta.

Kwa hiyo hatutakuja Enguserosambu kukubembeleza. Faustini anataka sana, ameshauliza basi linaondoka saa ngapi, na mimi nimemkatalia, tumegombana kwa ajili yako. Njia ya kurudi unaijua, na sasa hakuna kitu juu ya jina lako cha kukuzuia. Barua ile nitaibeba mimi. Ila uliniacha nitoke nyumbani bila mkono wako kichwani, na kwa hilo, baba, hakuna kebo ya kulaumu.

Ni mimi binti yako, uliyemwachia mjomba amtoe,

Paskalina